Ruzuku ya Ufundi Stadi na Wajibu wa Kuisimamia

Wako watu, na baadhi yetu makada tumo, wanaodhani kwamba ruzuku inayopelekwa chuo cha ufundi ni hisani ya Serikali. Dhana hiyo ni potofu na ina madhara, kwa sababu aliyepewa hisani haulizi. Yatupasa kwanza kuelewa fedha hizo zinatoka wapi.

Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA iliweka tozo kwa waajiri, inayopimwa kwa jumla ya mishahara wanayolipa. Chanzo chake, basi, ni kazi. Katika utaratibu uliofuata, theluthi moja ya tozo ilitengewa ufundi stadi. Theluthi mbili zilienda Hazina kwa matumizi mengine. Kiwango cha asilimia 6 kilishushwa hadi 5 mwaka 2013, kisha 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021 na 3.5 mwaka 2023. Kila mara waajiri walipumua. Lakini theluthi ya 6 ni 2, na theluthi ya 3.5 haifiki 1.2. Kwa mishahara ile ile, fungu la karakana limepungua kwa takriban asilimia 42.

Sasa tuje Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mpanda ni mwisho wa reli itokayo Kaliua. Nondo, mabati na vijiti vya kuchomelea vinavyotoka Dar es Salaam hufika vikiwa vimebeba nauli yote ya safari hiyo. Kwa maana hiyo, shilingi ile ile kwa kila mwanafunzi hununua vifaa vichache zaidi Mpanda kuliko Pwani. Usawa wa tarakimu kwenye karatasi si usawa wa vitu mezani kwa fundi. Jambo hili linakihusu chuo cha VETA cha Mpanda, na linakihusu pia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Msaginya. Vyuo vya aina hiyo vilianza mwaka 1975, na vikahamishiwa Wizara ya Elimu mwaka 2016.

Hapa ndipo suala la usimamizi linapoingia. Mkaguzi Mkuu akitoa hati inayoridhisha, anasema hesabu zimeandikwa inavyotakiwa. Hasemi kwamba kijana anajua kuunga chuma. Ndiyo maana Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 imempa pia uwezo wa kukagua ufanisi. Katika semina moja niliyoiendesha, kada alisoma taarifa kwamba fedha zimetumika kwa asilimia 100, tukapiga makofi. Nikauliza ni vijana wangapi walioshika mashine. Hakuwa na jibu, na mimi niliyepiga makofi kwanza sikuwa na haki ya kumcheka.

Kada anapotembelea chuo asiishie kuonyeshwa jengo na kutia sahihi kitabu cha wageni. Aombe daftari la ghala, alilinganishe na ratiba ya mafunzo ya vitendo. Ikiwa vifaa vilipokelewa Juni na muhula wa vitendo uliisha Mei, hati za malipo zitakuwa sahihi kabisa, na vijana watakuwa wamejifunza uchomeleaji kwa chaki. Aulize pia fedha zilitoka lini Hazina, maana mara nyingine kosa si la mkuu wa chuo. Majibu hayo yapelekwe kwenye bodi ya chuo kabla ya makadirio ya mwaka unaofuata kupitishwa.