Kayaki za Lamu zinaishia Manda

Kwa mpiga kasia, funguvisiwa la Lamu lingetosha kujiuza lenyewe. Ukitoka Shela unavuka hadi Manda, unapita mkondo wa Mkanda katikati ya mikoko, unaingia ghuba ya Manda, kisha unashika mlango wa Siyu kwa upande wa ndani wa Pate, unaipita Faza, unaipita Ndau, mpaka Kiwayu. Karibu njia yote umekingwa na mawimbi ya bahari kuu. Kuanzia maeneo ya Kiwayu kuna hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, yenye visiwa vidogo vipatavyo 50. Kaunti ya Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya. Hata hivyo, safari nyingi za kayaki zinazouzwa Lamu hazifiki hata Pate. Zinakwenda Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, mgeni anazunguka magofu, na jioni amerudi mezani hotelini.

Kinachozikatiza ni bima. Mwaka 2011 raia wa Ulaya walivamiwa na kutekwa Kiwayu na kisha Manda. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya mji wa Mpeketoni, na Januari 2020 ikashambuliwa kambi ya kijeshi ya Manda Bay. Kwa miaka mingi sasa Uingereza imekuwa ikiwashauri raia wake wasiingie Kaunti ya Lamu pasipo ulazima, ila imevitoa kisiwa cha Lamu na cha Manda katika onyo hilo. Kampuni za bima hufuata maneno hayo neno kwa neno. Mgeni akivuka Mkanda kuelekea Pate, karatasi yake ya bima inaweza kuwa haina kazi, na wakala wa London hawezi kumuuzia mteja safari ya siku sita ambayo siku tano zake hazina kinga. Mpaka wa biashara umechorwa Ulaya, na wenye madau wanaujua vizuri kuliko mipaka ya wadi zao.

Ndani ya mpaka huo wote wanabanana. Nahodha mmoja wa Shela, ambaye dau lake husindikiza kayaki likiwa limebeba maji, chakula na mahema, aliomba asitajwe kwa kuwa kazi anaipata kwa hoteli zile zile anazozilalamikia. Kayaki, anasema, karibu zote ni mali ya hoteli. Hoteli inauza safari kwa dola, yeye analipwa kwa shilingi, tena kwa siku, na dola ikipanda malipo yake hayasogei. Humo anatoa mafuta ya mashine, ujira wa mabaharia, chakula chao, na fungu la bichiboi ikiwa ndiye aliyemleta mgeni. Siku ambayo dau limelala kusubiri maji haihesabiwi kuwa ya kazi.

Na maji hayabembelezwi. Takwa huingiwa kwa mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa. Ukichelewa kutoka, unakaa juu ya tope mpaka yarudi. Mkanda nao umechimbwa, lakini manahodha wa zamani bado wanauogopa wakati wa bamvua maji yakitoka. Mgeni aliyeahidiwa hotelini kwamba wataondoka saa mbili asubuhi, akimsikia nahodha anasema saa tano, huona uvivu. Lawama inaandikwa kwenye mtandao, hoteli inaisoma, na msimu unaofuata kazi anapewa mwingine. Nahodha huyu anasema amepoteza hoteli moja kwa njia hiyo. Hatukuweza kuisikia hoteli yenyewe, lakini wenzake wawili walisimulia mambo yanayofanana.

Kwa nini asinunue kayaki zake? Swali hilo lilimchekesha. Kayaki ya watu wawili inatoka ng'ambo, inalipiwa ushuru Mombasa, inapakiwa lori hadi Mokowe, kisha inavushwa kwa chombo. Alipokwenda kuuliza mkopo, wakopeshaji hawakulitaka dau kama dhamana, wakataka hati ya shamba. Habari ya nani ana hati ya ardhi katika Lamu inahitaji gazeti zima.

Meneja wa hoteli moja aliyekubali kuzungumza alikuwa na hoja yake, ingawa fupi: jua na chumvi huzila kayaki haraka, na kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zikikutana na kusi, vyombo vinakaa bandani huku mishahara ikiendelea. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nahodha hana banda wala mshahara katika miezi hiyo. Anarudi kuvua au anabeba mawe ya Manda.

Ofisa mmoja wa serikali anayeshughulika na utalii ana picha nzuri zaidi. Alitaja asilimia ya ongezeko la wageni ambayo hatuichapishi, kwa sababu alipoulizwa imetoka wapi alisema ni ya abiria wanaotua uwanja wa Manda. Wanaotua pale ni pamoja na watumishi wa umma, wafanyabiashara na wenyeji wanaorudi kwao. Tarakimu hiyo haielezi ni wangapi walilala usiku mmoja, seuze waliopanda kayaki. Alisisitiza pia kwamba bandari mpya ya Lamu italeta wageni. Mpango wa awali wa bandari ulikuwa na magati 32. La kwanza lilianza kazi Mei 2021, na mji wa kitalii uliotajwa katika mpango huohuo haujasimama. Uchimbaji wa ghuba ya Manda kwa ajili ya bandari, kwa upande wake, ulionekana mapema. Mwaka 2018 mahakama iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni, kisha suala likaingia kwenye rufaa na mazungumzo ya miaka. Nahodha wa Shela anasema fidia ilihesabu samaki, haikuhesabu mgeni aliyezoea kuona chini ya maji na sasa haoni. Hilo la maji kuchafuka linaweza kubishaniwa, maana hata kusi huyatibua.

Wapo wanaowategemea wageni wa Nairobi, ambao onyo la Ulaya haliwahusu. Mwaka 2020, ndege za nje ziliposimama, hao ndio waliozuia baadhi ya hoteli zisifungwe moja kwa moja. Tatizo ni kwamba mgeni wa wikendi anataka dau la machweo, kaa na mchele wa nazi. Kupiga kasia siku nne na kulala mchangani Ndau anaona ni adhabu aliyojilipia.

Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, huenda ukawa mzuri. Wengi waliozungumza nasi walisema hivyo, na hakuna aliyekuwa tayari kutaja ni kwa kiasi gani. Ikiwa onyo litalegezwa kwa Pate peke yake, safari ya kulala siku tatu itaweza kuuzwa, na waongozaji vijana wanaoujua mlango wa Siyu watapata soko, mradi wapate pia vyeti vya uokoaji ambavyo mawakala wa nje huviuliza. Nahodha hana hakika kwamba hilo litamfaidisha. Anahofia hoteli zitaleta boti zao za kasi kusindikiza kayaki, dau libaki la kupigia picha. Angependelea kwanza alipwe kwa safari nzima badala ya siku, na kwa kiwango kinachofuata dola. Ameziomba hoteli mbili; moja ilikataa, nyingine imemwambia angoje meneja mpya.