Hati za Ethiopia Mezani kwa Ofisa wa Viza

Mtoto aliyezaliwa Ethiopia tarehe 3 Pagume 1995 huandikwa kwa tarakimu 3/13/1995, na kwa Mwethiopia hakuna cha ajabu hapo. Pagume ni mwezi wa 13, mwezi mfupi wa siku 5, au 6 kila mwaka wa nne, unaofunga mwaka wao. Sasa mfasiri azinakili tarakimu hizo vilevile, na karatasi ifike kwa ofisa wa uhamiaji wa Marekani, ambako mwezi huandikwa kabla ya siku. Ofisa atasoma 13 Machi 1995, na kompyuta yake itaipokea tarehe hiyo bila kusita. Kumbe mtoto alizaliwa 8 Septemba 2003. Umri wake umeongezwa karibu miaka minane na nusu, na hakuna aliyedanganya. Madhara yake si madogo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani humhesabu mtoto kuwa ni yule ambaye hajaoa wala kuolewa na hajatimiza miaka 21. Mwishoni mwa mwaka 2020 kijana huyu alikuwa na miaka 17, lakini kwa mujibu wa karatasi iliyofasiriwa vibaya alikuwa mtu mzima wa miaka 25, ambaye hawezi tena kuhesabiwa mtoto kwenye maombi ya mzazi wake.

Ninachotetea hapa ni jambo ambalo wafasiri wengi, hata wenye uzoefu, hulifanya kinyume. Tafsiri inayomfaa mwombaji ni ile inayoacha tofauti kati ya mfumo wa Ethiopia na mfumo wa nchi anayokwenda ionekane wazi. Tarehe ya Kiethiopia ibaki, na ya Kigregori iwekwe kando yake. Jina libaki lilivyo kwenye cheti, na tahajia ya pasipoti itajwe. Mazoea ni kusafisha: kubadili tarehe kimyakimya, kunyoosha majina yafanane, kuacha muhuri usiosomeka, ili ofisa apate karatasi laini isiyo na maswali. Ulaini huo ndio unaozaa maswali, tena baadaye, wakati mwombaji hayupo kuyajibu.

Tuanze na kalenda, kwa sababu wengi hudhani wameimaliza kwa kujua kwamba Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane. Mwaka mpya wao, 1 Meskerem, huangukia 11 Septemba. Kuanzia siku hiyo hadi 31 Desemba unaongeza miaka 7. Kuanzia 1 Januari hadi mwisho wa Pagume unaongeza 8. Kanuni hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Mwaka wa Kigregori unaofuata ukiwa na Februari ya siku 29, mwaka mpya wa Kiethiopia husogea hadi 12 Septemba, na tarehe zote za miezi inayofuata husogea siku moja hadi mapema Machi. Chukua mtu aliyezaliwa 25 Tahsas 1992. Mwaka huo ulianza 12 Septemba 1999, kwa hiyo 25 Tahsas ni 4 Januari 2000. Mfasiri aliyehesabu kutoka 11 Septemba ataandika 3 Januari. Kosa ni la siku moja tu, lakini pasipoti inasema 4, tafsiri inasema 3, na fomu iliyojazwa mtandaoni inafuata mojawapo. Kama angezaliwa siku tano kabla, tarehe 20 Tahsas ya mwaka uleule, angekuwa mtu wa Desemba 1999, na mwaka wake wa kuzaliwa ungebadilika kabisa. Ndiyo maana natilia mkazo kwamba tarehe ya asili isifutwe. Ikibaki, yeyote mwenye shaka anaweza kuhesabu upya na kuona tofauti ilipotokea. Ikifutwa, zinabaki tarehe mbili zinazopingana na mtu mmoja anayetuhumiwa.

Saa nazo zina mtego wake, ingawa msomaji wa Kiswahili hataunasa mguu wake humo. Ethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, kwa hiyo taarifa ya hospitali inayosema mtoto alizaliwa saa 3 asubuhi ina maana ileile ya Dodoma au Mombasa. Tafsiri za Kiingereza ndizo hugeuza saa 3 hiyo kuwa saa 9 ya usiku.

Majina yanahitaji uangalifu zaidi, maana hapo hakuna hesabu ya kumwokoa mtu. Mwethiopia kwa kawaida ana jina lake, likifuatwa na la baba na la babu. Hakuna jina la ukoo linaloshuka kizazi hadi kizazi, na mke habadilishi jina anapoolewa. Msomaji wa Zanzibar au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini pasipoti hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hati namba 9303, ambazo hugawa jina sehemu mbili, jina kuu na majina mengine, ili litoshee kwenye mstari wa kwanza kati ya ile miwili ya chini yenye nafasi 44 kila mmoja. Mara nyingi jina la babu ndilo huingizwa kwenye nafasi ya jina la ukoo. Tuseme kijana anaitwa Dawit Kebede Tesfaye, baba yake ni Kebede Tesfaye Abera, na mama yake Almaz Girma Wolde. Kwenye fomu, mtoto anakuwa wa ukoo wa Tesfaye, baba wa ukoo wa Abera, mama wa ukoo wa Wolde. Familia moja, koo tatu. Ofisa anayeijua Ethiopia ataona mara moja jinsi jina la baba lilivyokaa katikati ya jina la mwana. Asiyeijua ataona watu watatu wasiohusiana. Ongeza hapo cheti cha shule kilichoandikwa Dawit Kebede bila jina la babu, ambacho mfasiri amekifasiri kwa kuweka Kebede kama jina la ukoo, na sasa mwombaji ana koo mbili yeye peke yake.

Kwa hati kama hizi, tafsiri iwe na maelezo mafupi ya mfasiri chini ya ukurasa: jina la kwanza ni la mhusika, la pili ni la baba, la tatu ni la babu. Ni sentensi moja, na inafanya kazi kubwa kuliko ukurasa mzima wa mihuri. Hati ya ubatizo inahitaji maelezo hayohayo na zaidi. Waumini wa Kanisa la Orthodox hupewa jina la ubatizo lililo tofauti na jina la kila siku, na mtoto wa kiume hubatizwa siku ya 40, wa kike siku ya 80. Mfasiri makini huzitenganisha tarehe mbili za hati hiyo, ya kuzaliwa na ya ubatizo. Zikitenganishwa, zinageuka ushahidi mzuri kwa mtu ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilitolewa akiwa tayari mtu mzima.

Tahajia ndiyo huwachosha waombaji kuliko yote. Fideli, maandishi ya Kiamhari, haionyeshi konsonanti iliyokazwa, na ina herufi kadhaa zinazotamkwa sawa. Hakuna njia moja ya kuihamisha kwenye herufi za Kilatini ambayo kila ofisi imeifuata. Kwa hiyo mwanamke mmoja huwa Tsehay kwenye cheti cha ndoa, Tsehai kwenye cheti cha shule na Sehay kwenye kadi ya kliniki, huku baba yake akiwa Wolde hapa na Welde pale. Katika jimbo la Oromia kuna jambo jingine: Kioromo huandikwa kwa herufi za Kilatini, mfumo wa Qubee, ambao sauti zake hazisomwi kama za Kiingereza. Msichana aliyeandikwa Caaltuu kwenye cheti cha woreda, yaani wilaya, anaweza kuwa Chaltu kwenye pasipoti, na majina yote mawili ni sahihi. Familia zilizopitia Nairobi au kambi ya Kakuma huongeza tahajia nyingine, ya karani aliyeandika alivyosikia. Kanuni ninayoiona kuwa salama ni kwamba pasipoti ikiwapo, tahajia yake inatawala, na tahajia ya cheti inatajwa mara moja kando yake. Pasipoti ikiwa ndiyo inaombwa, ichaguliwe tahajia moja kwa familia nzima kabla ya fomu ya kwanza kujazwa, nayo ifuatwe hadi mwisho.

Kuna wanaopinga msimamo huu kwa hoja nzito. Ofisa ana dakika chache kwa kila faili, wanasema, na maelezo ya chini humtia wasiwasi. Bora apewe karatasi inayofanana na zile alizozizoea. Ingekuwa kweli kama faili lingefunguliwa mara moja tu. Viza ya ndoa hufuatwa na ukaazi, ukaazi na uraia, kisha huja maombi ya kumleta mama au mdogo mtu, na kila mara karatasi za zamani hutolewa na kulinganishwa na mpya. Tafsiri mbili zilizosafishwa na wafasiri wawili tofauti hazitalingana, maana kila mmoja alisafisha kwa namna yake. Zilizobaki karibu na cheti cha asili zitalingana hata zikipishana miaka kumi.

Wengine husema tatizo hili linakwisha lenyewe. Usajili wa kizazi, ndoa, talaka na kifo kwa utaratibu mmoja wa nchi nzima ulianza Agosti 2016 chini ya Tangazo namba 760 la mwaka 2012, na vyeti vingi vya sasa hutoka vikiwa na Kiingereza ndani yake. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini aliyezaliwa 1985 bado anategemea karatasi za kebele (ofisi ya mtaa), hukumu za mahakama na vyeti vya shule vya enzi hizo. Na programu za simu, ambazo sasa hufasiri Kiamhari kwa kiasi cha kueleweka, haziweki sahihi. Marekani inataka mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba ana uwezo wa kuifanya. Uingereza inataka tarehe, jina kamili, sahihi na mawasiliano yake. Canada haikubali tafsiri ya mwombaji mwenyewe wala ya ndugu yake, na inadai hati ya kiapo kama mfasiri hana ithibati.

Mihuri nayo haiokoi tafsiri iliyokosewa. Hati hupitia ofisi ya serikali ya uthibitishaji, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, na waombaji hudhani kila muhuri unaongeza ukweli wa kilichoandikwa. Muhuri wa wizara unathibitisha sahihi na cheo cha aliyetia sahihi kabla yake, basi. Tarehe iliyokosewa hupita mihuri yote na kubaki imekosewa. Cheti chenyewe kikiwa na kosa, mfasiri hana mamlaka ya kulirekebisha: atalifasiri lilivyo na kulieleza chini. Mwombaji ndiye wa kurudi kwenye ofisi ya usajili iliyotoa cheti, au mahakamani ikibidi, na kudai marekebisho kabla ya kulipa ada ya viza, maana cheti kilichorekebishwa baada ya mahojiano ya ubalozini hubeba tarehe ya kutolewa ambayo ofisa ataiona kwanza.