Macho Kwanza, Mashine Baadaye: Jinsi Vali Inavyopimwa Bila Kukatwa

Ukiwa Mbotela, Eneo la Viwanda ni jirani. Vijana kibao huenda huko kila asubuhi kusaka kibarua, na mle ndani hakuna bomba la mvuke au mafuta lisilo na vali, ile koki kubwa ya chuma inayofungua na kufunga njia.

Vali si kitu cha mchezo. Septemba 12, 2011, mafuta ya Kenya Pipeline yalivuja karibu na mtaa wa mabanda wa Sinai, Lunga Lunga. Yaliingia kwenye mtaro, watu wakaenda kuyachota, kisha moto ukalipuka. Takriban watu 100 walifariki. Waziri wa Kawi wakati huo, Kiraitu Murungi, alisema vali ilishindwa kuhimili presha.

Sasa, utajuaje vali ina ufa bila kuikata? Vipimo vipo, ila usikimbilie mashine ya bei ghali. Jiulize maswali mawili: vali imetengenezwa kwa chuma gani, na kasoro inaweza kujificha wapi?

Anza na macho. Tochi na kioo kidogo vitakuonyesha kutu, mikwaruzo na sehemu zilizolika.

Ukishuku ufa wa juu juu, tumia rangi inayopenya. Safisha vali hadi chuma kibaki kitupu, paka rangi nyekundu, subiri iingie, pangusa, kisha nyunyiza unga mweupe. Palipo na ufa, wekundu utajitokeza. Njia hii ni rahisi na inafaa hata kwa shaba na chuma kisichoshika kutu. Lakini ufa ulio ndani hautauona ng'o.

Vali ikiwa ya chuma kinachonaswa na sumaku, kipimo cha sumaku ni cha haraka zaidi, na hunasa hata kasoro zilizo chini kidogo ya ngozi ya chuma. Pima pande mbili zinazokatana, kwa sababu ufa uliolala sambamba na nguvu ya sumaku hukupita hivi hivi. Kwa shaba, sahau.

Unataka kujua ukuta wa vali umelika kiasi gani kwa ndani? Tumia mawimbi ya sauti. Utayapima kutoka upande mmoja tu. Shida ni kwamba baadhi ya vyuma vya kusubu vina chembe kubwa zinazotawanya sauti, ukabaki kusoma kelele.

Hapo ndipo eksrei huingia. Inaonyesha vizuri mapovu yaliyobaki chuma kiliposubiwa, ingawa ufa mwembamba unaweza kuikwepa. Mionzi nayo ni hatari, ndiyo maana kazi hiyo huhitaji leseni ya KNRA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2019.

Kumbuka pia kuwa hakuna kipimo kati ya hivi kinachothibitisha kwamba vali inafunga kabisa. Kwa hilo, ijaze maji, uipandishe presha na uangalie kama inavuja.

Je, kazi hii inakuvutia? Kiwango cha kimataifa cha ISO 9712 kina ngazi tatu. Wa ngazi ya kwanza hupima kwa kufuata maagizo, wala haruhusiwi kuchagua kipimo. Kuchagua ni kazi ya waliopanda ngazi. Kwa hivyo ukipata nafasi ya kufunzwa, usitosheke na kujua kubonyeza mashine. Muulize fundi wako: kwa nini hii, si ile?