Karatasi za Shamba Zisiliwe na Mchwa

Mkulima wa skimu, umepanda mahindi kwa mistari, ng'ombe wako umewaogesha, na seng'enge ya shamba ni imara. Vyema. Lakini karatasi za shamba hilo ziko wapi? Katika nyumba nyingi zimo ndani ya sanduku chini ya kitanda, na huko mchwa na unyevu huingia bila kupiga hodi.

Skimu nyingi zilianza tangu mwaka 1962, mashamba ya walowezi yaliponunuliwa ili wananchi wapate makazi, katika mpango wa Ekari Milioni Moja. Wazee wengi waliopewa viwanja wakati ule wamekwisha kufariki. Leo wanaolima ni watoto na wajukuu, nao huulizana: Mpaka ulipita wapi? Mkopo ulilipwa wote? Mzee hayupo wa kujibu. Karatasi ndiyo itakayojibu.

Kwanza, tunza zako. Barua ya kugawiwa kiwanja, stakabadhi za mkopo na karatasi ya kumaliza deni zisitupwe kamwe. Toa nakala, uiweke katika nyumba nyingine.

Pili, fahamu kwamba Serikali nayo huweka kumbukumbu. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Makao yake ni Moi Avenue, Nairobi, katika jengo la kale lililokuwa benki, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Viko pia vituo vyake nje ya Nairobi, kama vile Nakuru na Kakamega. Humo mna faili za maofisa wa wilaya na mikoa, pamoja na taarifa zao za kila mwaka juu ya mvua, mazao na magonjwa ya mifugo. Mtu anayelima bondeni yafaa asome habari za mafuriko ya 1961 kabla hajajenga.

Ukienda, chukua kitambulisho na fedha kidogo za ada. Mwambie karani jina la skimu, wilaya ya zamani, na miaka unayoitafuta. Usitafute kwa jina lako tu, maana faili hupangwa kwa ofisi iliyoziandika. Kwa kawaida faili hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30. Utaisoma mle mle chumbani, wala hutatoka nayo, ila waweza kulipia nakala.

Lakini usidanganyike: Hifadhi haitoi hati ya kumiliki shamba. Hiyo ni kazi ya ofisi ya ardhi. Hifadhi hukupa ushahidi wa mambo yaliyoandikwa zamani, nao huweza kumaliza ugomvi kabla haujafika mahakamani.

Tatu, itumie maktaba ya umma. Kwa Katiba ya 2010, maktaba ni kazi ya kaunti. Basi uliza katika mji wako iko wapi na masharti ya kuazima vitabu ni yapi. Huko utasoma magazeti na vitabu, na watoto watapata mahali patulivu pa kujisomea.

Fungua sanduku leo, kabla ya mvua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.