Kwa Nini Simu Haitoshi Kupima Mpaka wa Ploti

Wakazi wengine hutumia ramani ya simu kuonyesha kuwa jirani ameingia kwenye ploti yao. Kabla ya kung'oa ua, ni vyema kujua vipimo hivyo hupatikana vipi.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi. Kila moja hutuma mawimbi yanayoeleza wakati yalipotumwa. Kipokezi hulinganisha mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4, kisha hukokotoa mahali kilipo. Kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, mawimbi husafiri sentimita 30. Kwa hiyo kosa dogo sana la muda huwa mita kadhaa ardhini.

Palipo na majengo mengi, kama karibu na soko la Daraja Mbili, mawimbi mengine hugonga ukuta au paa la mabati kwanza, yakachelewa. Antena moja ya simu hupokea yote pamoja. Hata uwanjani, simu hukosea mita 5 hivi. Penye ghorofa huzidi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 tu, hivyo kosa la mita 5 ni thuluthi ya upana huo.

Wahandisi wamebuni vipokezi vyenye antena kadhaa, kwa mfano 4 au 7, zinazoachana kwa sentimita 9 na nusu hivi, yaani nusu ya urefu wa wimbi la GPS. Wimbi likitoka upande mmoja, hufikia antena moja kabla ya nyingine. Kompyuta husawazisha tofauti hizo, kisha hujumlisha. Ni kama kusukuma matatu iliyokwama kwenye matope: mkisukuma kwa pamoja inatoka, kila mtu akisukuma kwa wakati wake, nguvu zinapotea. Wimbi la setilaiti hupata nguvu, na lile lililotoka ukutani au kwenye mtambo wa kuvuruga hufifia. Hakuna antena inayozungushwa. Ni hesabu tupu, na kompyuta huweza kuelekea setilaiti kadhaa kwa wakati mmoja.

Vipokezi hivyo ni ghali, na hutumika zaidi kwenye ndege, meli na shughuli za kijeshi. Wapima ardhi wengi hutumia antena moja bora, pamoja na kipokezi cha pili kilichowekwa mahali panapojulikana, ili kupunguza kosa hadi sentimita chache. Kipokezi hicho cha pili hakiondoi mawimbi yanayogonga ukuta. Ndiyo maana karibu na majengo mpimaji huhitaji pia utepe au mtambo wa kupima pembe na umbali.

Mkazi afanye nini? Chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wa kifungu hicho. Anza kwa Msajili wa Ardhi. Kung'oa alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai. Siku ya kupima, majirani wote wahudhurie, na yeyote ana haki ya kumuuliza mpimaji kona iliyo karibu na ukuta imepimwaje.