Robo Tupu katika kioo: hadithi na mwendo wake katika michezo ya Uncharted

Kutoka Muscat hadi Salalah, kusini mwa Oman, ni safari ya takriban kilomita 1000. Kwa saa nyingi msafiri haoni ila changarawe, mchanga na anga, na upande wa magharibi ndiko lilikotanda Rub' al-Khali, jangwa ambalo jina lake maana yake ni Robo Tupu. Huko Shisr, katika jimbo la Dhofar, kuna magofu ya ngome ndogo iliyojengwa kando ya kisima. Tangu mwaka 1992 magofu hayo yamekuwa yakihusishwa na Ubar, mji wa misafara ya ubani unaosemekana kumezwa na ardhi.

Hata hivyo, mamilioni ya vijana duniani waliolisikia jina la Ubar hawakulisikia kwa msafiri wala kwa mwalimu wa historia. Walilisikia katika mchezo wa video uliotengenezwa na kampuni ya Naughty Dog ya jimbo la California, Marekani, ukatoka mwezi Novemba mwaka 2011. Mchezo huo, Uncharted 3: Drake's Deception, ni wa tatu katika mfululizo unaomfuata Nathan Drake, msaka hazina mwenye maneno mengi na bahati isiyokwisha.

Kwa familia za Muscat ambamo Kiswahili bado kinazungumzwa sebuleni, mfululizo huu una jambo la ziada. Mchezo wa tatu unafikia kilele katika jangwa la Arabuni, na wa nne, uliotoka mwaka 2016, unafanyika kwa sehemu kubwa Madagascar. Yaani sehemu mbili za dunia ambazo mababu wa familia hizo walizijua kwa ngamia na kwa jahazi zimegeuzwa kuwa jukwaa la mtu mwingine. Swali ni je, jukwaa hilo limepewa heshima gani? Jibu, kwa kiasi kikubwa, limo katika mwendo wa hadithi.

Mwendo ni nini?

Anayesoma kitabu hujipangia mwendo wake mwenyewe. Anayetazama filamu hupangiwa na mwongozaji. Katika mchezo wa video mambo hayo mawili huchanganyika: mtunzi huweka milango, lakini ni mchezaji anayetembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na anaweza kukimbia, kupotea au kusimama tu akitazama machweo ya jua.

Watengenezaji wa Uncharted wana zana nne za kupangia mwendo huo: mapigano, kupanda kuta na majabali, mafumbo ya kufumbua, na ukimya. Hadithi yenyewe si ngeni. Ni ukoo mmoja na riwaya za hazina walizozisoma wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki katika tafsiri za enzi za ukoloni, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa Chenye Hazina. Kuna ramani, kuna msaliti, kuna mahali palipofichika, na mwishoni hazina haichukuliki. Kinachotofautisha mchezo mmoja na mwingine ni jinsi zana zile nne zinavyopokezana.

Wa kwanza: mbio bila pumzi

Uncharted: Drake's Fortune ulitoka mwaka 2007 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 3. Drake, pamoja na mwandishi wa habari Elena Fisher na rafiki yake mzee Victor Sullivan, wanaitafuta El Dorado. Hadithi yake ni nyoofu kama mshale: jeneza linaopolewa baharini, kisha msitu, kisha kisiwa kimoja ambacho karibu mambo yote yaliyobaki yanatokea humo.

Kasoro yake ni marudio. Mchezaji anaingia uani, maadui wanatokea, anawamaliza, anaingia ua mwingine, na maadui wanatokea tena. Siri kuu, kwamba hazina ile imebeba maradhi yanayowageuza watu kuwa viumbe wa kutisha, inafunuliwa karibu na mwisho, wakati mkono wa mchezaji umekwisha kuchoka. Hata hivyo msingi uliwekwa hapo: wahusika wanaozungumza kama watu, wanaotaniana na kuogopa.

Wa pili: mizani

Mwaka 2009 Uncharted 2: Among Thieves ulianza mahali ambapo hadithi nyingi hukaribia kwisha. Drake anazinduka akiwa na jeraha ndani ya behewa linaloning'inia kwenye mwamba wa theluji. Ndipo masimulizi yanaporudi nyuma kueleza amefikaje pale, na kwa zaidi ya nusu ya mchezo mchezaji anajua kuwa ajali ile inamngoja.

Mbinu hiyo haikuwa ya kujionyesha tu. Ilimpa mtunzi, Amy Hennig, ruhusa ya kwenda polepole, kwa sababu hofu ilikwisha kupandwa. Baada ya mapigano marefu ndani ya treni, mchezo unafanya jambo ambalo wachache walilitarajia: unanyamaza. Drake anaamka katika kijiji cha milimani huko Tibet. Hana silaha. Mwenyeji wake, Tenzin, hajui Kiingereza, na mgeni hajui Kitibeti. Kitufe kile kile ambacho muda wote kilikuwa cha ngumi, hapa kinampa Drake uwezo wa kuwaamkia wanakijiji.

Dakika hizo chache ndizo zinazokipa uzito kinachofuata. Kijiji kinaposhambuliwa baadaye, mchezaji hatetei tena picha ya nyuma, bali anawatetea watu aliowapa mkono. Ndiyo maana wahakiki wengi wanautaja mchezo wa pili kuwa ndio wenye mizani bora kuliko yote.

Wa tatu: njia ya kwenda Ubar

Uncharted 3 unaanzia katika baa ya London, unarudi nyuma hadi Cartagena, Colombia, ambako Drake akiwa kijana anakutana na Sullivan kwa mara ya kwanza, kisha unapita Ufaransa, Syria na Yemen. Lengo ni Iram yenye nguzo, jina linalojulikana na kila aliyesoma Sura ya al-Fajr katika Qur'ani, ambamo kabila la Adi linatajwa kuwa funzo kwa wenye kiburi. Katika mchezo, Iram na Ubar ni mji mmoja, na ndani yake kuna chombo cha shaba alimofungiwa jini kwa amri ya Nabii Suleiman.

Ni katika mchezo huu ambapo mwendo unayumba waziwazi. Katikati ya hadithi Drake anatekwa na maharamia, anapigana katika makaburi ya meli zilizooza, kisha katika meli kubwa ya abiria inayozama. Matukio hayo yanastaajabisha macho, lakini ukiyaondoa yote, hadithi ya Iram haipungukiwi na kitu. Msikilizaji wa hadithi za bibi angeuliza: huyu haramia alikuja kufanya nini?

Halafu, baada ya ndege kuanguka, kinakuja kipande bora kuliko vyote. Drake yuko peke yake katika Robo Tupu. Hana maji. Mchezaji hana la kufanya ila kusukuma kijiti mbele na kumtazama mtu akitembea, akianguka, akiinuka. Anafika kisimani na kukuta kimekauka. Anatembea tena, na baada ya mateso anajikuta kwenye kisima kile kile. Kwa muda huo jangwa halikuwa pambo. Lilikuwa ndilo mhusika mkuu, na mwenye mamlaka.

Anayemwokoa ni Salim, sheikh wa Kibedui. Lakini mara tu mchezo unaporudia mbio zake, Salim anakuwa msaidizi wa farasi na bunduki, na mji wenyewe unadumu kwa dakika chache tu kabla ya kumezwa na mchanga. Ubar inafikiwa kwa taabu kubwa na kupotezwa kwa haraka.

Ukweli wa Shisr una mwendo tofauti kabisa. Mwingereza Bertram Thomas, aliyelivuka Robo Tupu kuanzia Dhofar mwishoni mwa mwaka 1930, alionyeshwa na wenyeji njia waliyosema ilielekea Ubar. Miongo sita baadaye, picha za rada zilizopigwa kutoka angani na chombo cha Marekani ziliwasaidia watafiti, akiwemo mwanaakiolojia Juris Zarins, kufuatilia njia za kale za misafara hadi Shisr. Waligundua kuwa sehemu ya ngome iliporomoka ndani ya shimo la mawe ya chokaa lililokuwa chini yake. Zarins mwenyewe baadaye alisisitiza kuwa Ubar ilikuwa eneo na watu wake zaidi kuliko mji mmoja, na wapo wataalamu wasiokubali kuihusisha na Iram. Mwaka 2000 Shisr iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na maeneo mengine ya Ardhi ya Ubani.

Wa nne: ujasiri wa kwenda taratibu

Uncharted 4: A Thief's End uliongozwa na Neil Druckmann na Bruce Straley. Drake amestaafu, ameoa, na moja ya sura za mwanzo inamwonyesha nyumbani akila chakula na mkewe mbele ya televisheni. Kisha anatokea kaka yake, Sam, aliyedhaniwa kufa, na uongo unaingia ndani ya ndoa. Hapa hazina ni kisingizio tu. Swali la kweli ni iwapo mtu anaweza kuacha kukimbia.

Mwendo ni wa polepole kuliko michezo yote iliyotangulia. Huko Madagascar mchezaji anaendesha gari nyikani akichagua njia yake, huku wahusika wakizungumza. Wapo waliolalamika kuwa mchezo ni mrefu na mapigano ni haba. Lakini ucheleweshaji huo unajibu lawama ya zamani, kwamba Drake ni mtu mwema katika hadithi na muuaji wa mamia mikononi mwa mchezaji. Watengenezaji waliitambua lawama hiyo kwa mzaha: mchezaji anayefikisha maadui 1,000 hupewa nishani yenye jina linaloudhihaki mgongano huo.

Bado kuna kinachopitwa. Hazina inayotafutwa ni ya haramia Henry Avery, ambaye mwaka 1695 aliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya milki ya Mughal ya India. Miongoni mwa abiria wake walikuwamo mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Makka, na walitendewa ukatili mkubwa. Katika mchezo, mahujaji hao ni mstari wa historia. Dhahabu ndiyo hadithi. Bahari ya Hindi ina kumbukumbu ndefu zaidi ya hiyo.

Somo la ukimya

Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa The Lost Legacy, mchezo mfupi unaofanyika India, ambamo Drake hayumo kabisa. Wanawake wawili, Chloe Frazer na Nadine Ross wa Afrika Kusini, ndio wanaoibeba hadithi. Kwa sura tisa tu, mchezo huo ulithibitisha kuwa urefu si sharti la uzito.

Ukiiweka michezo hii pamoja, kanuni moja inajitokeza. Kila mara hadithi inapokimbia, nchi hugeuka kuwa pazia la nyuma na watu wake kuwa vivuli. Kila mara inapopunguza mwendo, kama katika kijiji cha Tibet na mchanga wa Robo Tupu, nchi hurudishiwa uso wake.

Wasimulizi wa pwani walilijua hilo kabla ya umeme. Aliyeanza kwa paukwa alisubiri aitikiwe pakawa, na hakuendelea mpaka aitikiwe. Huko kusubiri kulikuwa ni sehemu ya hadithi. Kijana wa Muscat aliyemwona Drake akianguka kwa kiu mbele ya kioo ameonjeshwa jangwa kwa dakika chache. Kisima cha Shisr bado kipo, na safari ya kukifikia haina kitufe cha kuiharakisha.