Kabla ya kununua spika, pima chumba

NCHELENGE, Zambia

Mwishoni mwa Novemba ufukwe wa Kashikishi huwa na pilikapilika kuliko miezi mingine. Desemba mosi upande wa Zambia wa Ziwa Mweru hufungwa kwa uvuvi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na kila mwenye fedha ya msimu mkononi anajua kuwa hiyo ndiyo itakayomvusha hadi Machi. Dagaa wa mwisho, ambao hapa huitwa chisense, wanaanikwa, magunia yanashonwa, madeni yanadaiwa. Na wapo wanaokwenda kununua redio.

Mama mmoja anayefanya biashara ya vitenge kutoka Kilwa alikuwa miongoni mwao msimu uliopita. (Kilwa hii si ile ya mkoa wa Lindi. Ni mji wa Kongo ulio ng'ambo ya ziwa, na Waswahili wake ni wa Katanga.) Amepanga chumba kimoja cha tofali karibu na mwalo, ambako wasafiri wanaosubiri boti hukaa, hunywa chai, huchaji simu na kusikiliza muziki. Chai ndiyo anayolipisha, lakini muziki ndio unaowaingiza ndani.

Alinunua sabufa kubwa iliyotoka Kariakoo, ikapita Tunduma na Nakonde, ikashuka Kasama na Mansa hadi huku. Kwenye boksi iliandikwa wati 12,000. Wiki mbili baadaye wateja wake walikuwa wamehamia kwa jirani mwenye kiredio cha zamani cha mbao. Walilalamika kwamba maneno ya wimbo hayasikiki, kichwa kinawauma, na mtu hawezi kupatana bei na mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega.

"Mwanangu," aliniambia, "nilinunua kelele."

Niliingia kukitazama chumba. Kina mita 3 kwa mita 3, sakafu ya saruji, bati juu bila dari, na sabufa imesukumwa kwenye kona ili isichukue nafasi. Nilisimama katikati nikapiga kofi moja, na sauti ikabaki ikilia "ngwii" kati ya kuta kabla ya kufa. Hapo nilijua kuwa hata angenunua mashine ya bei mara tatu, matokeo yangekuwa yale yale.

Sababu yake si ngumu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3, sauti ya besi yenye mitetemo kama 57 kwa sekunde hugonga ukuta, hurudi, hujikuta njiani na kujijaza. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mitetemo 55. Kwa hiyo kila mpiga besi anapofika hapo, chumba kinavuma kama pipa, na noti zinazofuata zinamezwa. Chumba kikiwa mraba hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kuta zote nne zinavuma kwa noti ile ile. Ukiweka sabufa konani, umeikabidhi chumba besi iongezwe mara nyingine.

Mahali pengine hilo lingevumilika. Huku ni vigumu, kwa sababu watu wa Luapula wana masikio ya besi. Kalindula, muziki uliokulia mkoa huu na maeneo ya Bangweulu, umepewa jina la ala yake ya nyuzi inayopiga besi, na besi hiyo haikai nyuma ya wimbo, inatembea mbele. Ng'ambo kuna rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi Desemba 2021, na rumba bila magitaa yanayojibizana haibaki kitu. Msikilizaji wa pwani hii anataka kusikia besi imekwenda wapi. Mvumo mmoja usioisha anaujua: ni injini ya boti.

Sasa zile wati 12,000. Herufi zinazoandikwa pembeni ya tarakimu hiyo ni PMPO, na hakuna kipimo kinachokubaliwa na wote nyuma yake. Kila kiwanda huandika kipendavyo. Geuza mashine utazame kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Ya mama huyu ilisema inakula wati 60. Mashine haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachokula, kama vile kinu hakiwezi kutoa unga mwingi kuliko mahindi yaliyoingia. Kipimo cha kuuliza ni RMS, na kama muuzaji hakijui, kibandiko cha nyuma kitakujibu.

Kwa chumba cha mita 3 au 4, wati hazina shida kabisa. Anayekaa mita 2 kutoka kwenye spika hutumia wati chache tu, mara nyingi chini ya 5, na tayari anapandisha sauti ili azungumze. Tarakimu yenye maana zaidi ni ile ya desibeli, inayoonyesha spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati 1 ikisikilizwa kutoka mita 1. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 10 inalingana na ya desibeli 84 iliyopewa wati 40. Tofauti hiyo inaonekana kwenye betri. Tangu ukame wa 2024 uliopunguza maji ya Kariba na kuifanya Zambia ikae gizani saa nyingi kwa siku, biashara nyingi ndogo zimehamia kwenye sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Amplifaya ndogo ya volti 12 inayokula wati 15 itapiga saa 40. Mashine inayokula wati 60 kupitia inveta haifiki 10.

Wapo wanaoona spika ndogo kuwa ni ya kitoto. Hao ningewaambia habari ya BBC. Miaka ya 1970 mafundi wa shirika hilo la Uingereza walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya kurushia matangazo, sehemu finyu kuliko chumba chochote cha Kashikishi. Walitengeneza kiboksi cha urefu wa sentimita 30 na upana wa 19, kilichofungwa pande zote, wakakiita LS3/5A. Besi nzito ya chini kabisa hakina, na hakikukusudiwa kuwa nayo. Kilikusudiwa mtangazaji asikike kama mtu aliyesimama mbele yako. Leo wapenzi wa muziki wanakinunua kwa bei ambayo sitaiandika hapa, maana itamkosesha mtu usingizi. Wazo lake ndilo la bure: chumba kidogo kinataka spika ndogo, mbili, nzuri, zenye sauti ya mtu.

Kwa mfuko wetu, spika hizo ni mtumba. Za mbao, zenye koni ya inchi 5 au 6 na twita juu yake, zinapatikana Dar es Salaam, Lusaka na Lubumbashi, nyingine zimetoka Japani na Ulaya. Ukizikuta, usianze na muziki. Gusa kwanza ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji na unamong'onyoka kidoleni, acha, isipokuwa una fundi wa kubadilisha. Unyevu wa ziwa utaumaliza. Ukingo wa mpira ndio unaodumu. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi: utasikia "tup", na koni itasogea mbele. Fanya hivyo kwa zote mbili, zisogee upande mmoja. Mwenye mita ya umeme apime: spika ya omu 8 kwa kawaida inasoma kama 6, na ya omu 4 inasoma 3 na kitu. Ikiwa mita haisomi chochote, waya umekatika ndani. Mwisho tazama kitako cha boksi. Ubao wa unga wa mbao ukiwahi kulowa huvimba, na hakuna rangi inayoficha uvimbe.

Kwenye amplifaya za Japani nina kisa changu. Niliwahi kununua moja safi kabisa, nikaiwasha nyumbani kwa furaha, na ndani ya dakika ilikuwa inatoa moshi. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 220 hadi 240, Tanzania, Zambia na Kongo. Ilikuwa imeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na mimi nilikuwa nimetazama mbele tu. Spika zisizo na umeme wake hazina tatizo hilo, zitoke popote.

Ukifika wakati wa kusikiliza dukani, nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua vizuri. Muuzaji atapandisha sauti ya ile anayotaka kukuuzia, kwa sababu sikio hudhani kilicho juu ndicho kizuri. Mwombe azishushe zote hadi ziwe sawa, sauti ya mazungumzo ya kawaida. Anza na mwimbaji, maneno yasikike bila kukaza sikio. Besi iwe ya mwisho kuhukumu, kwa kuwa besi ya dukani ni ya chumba cha dukani.

Kuhusu mpaka, wengi wanajidanganya. Utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo unahusu bidhaa zilizotengenezwa katika nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Spika iliyotengenezwa China haiwi ya Kongo kwa kuwa imenunuliwa Lubumbashi, wala ya Tanzania kwa kupitia Kariakoo. Tanzania yenyewe ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini Zambia haimo. Kwa hiyo weka kwenye hesabu ushuru wa kawaida tangu mwanzo, na tunza risiti, kwa sababu asiye nayo anakadiriwa thamani na ofisa.

Kwenye boti, zitazamishe spika uso kwa uso na kadibodi katikati, zifungwe pamoja, kisha nailoni nzito, na zisikae chini ambako maji hujikusanya. Anayezibeba akamate boksi. Nimeona kijana wa mwalo akiinua spika kwa kuingiza vidole kwenye tundu la besi, na nikageuza uso.

Turudi kwa mama wa Kilwa. Hakuwa na fedha ya kununua tena papo hapo, kwa hiyo tulianza na chumba. Alikuwa na salaula, yaani nguo za mitumba, marobota mawili yaliyokwisha kufunguliwa. Tuliyapanga legelege kwenye kona mbili za nyuma, hadi usawa wa kifua. Vitenge vya kuuza vikatundikwa ukuta wa nyuma kwa mikunjo, vikawa pazia na duka kwa wakati mmoja. Mikeka miwili ikawekwa sakafuni. Nilipiga kofi tena na ile "ngwii" ilikuwa imepungua sana. Bado kulikuwa na mtetemo wa kukera kwenye noti fulani, na mama alikuwa ameshaanza kuilaumu mashine, lakini nilipoweka kiganja kwenye bati ulinyamaza. Misumari miwili iliumaliza.

Spika mbili ndogo alizipata baadaye, za mbao, ukingo wa mpira, pamoja na amplifaya ya volti 12. Zimekaa juu ya matofali ili twita ziwe usawa wa sikio la aliyekaa, kama mita 1 kutoka sakafuni, zimeachana mita 1 na nusu, na ziko nusu mita kutoka ukutani. Viti havikai katikati ya chumba, maana hapo ndipo besi hupotea, wala havigusi ukuta wa nyuma ambako inajaa. Viko theluthi moja ya chumba kutoka nyuma. Besi ilikuwa bado imezidi kidogo, kwa hiyo tukakunja soksi mbili na kuziba matundu ya nyuma. Mama alicheka, akasema zile soksi ndizo zenye akili.

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka walikuwamo wasafiri saba. Wawili walikuwa wanapatana bei ya magunia ya unga kwa Kibemba na Kiswahili, bila kupaza sauti, na mzee mmoja pembeni alikuwa anafuata besi kwa kidole kwenye goti.

Ile sabufa imekwenda kwa kinyozi anayefanyia kazi chini ya mwembe, barabara ya kuelekea sokoni. Huko hakuna ukuta wala bati, besi inatawanyika, na kwa kweli inalia vizuri. Amelipa nusu. Nusu nyingine wamekubaliana ni Machi, ziwa likifunguliwa.